Shati Lisilokuwamo Kapuni

Nilifanya kazi ya ushonaji tangu ujana wangu mpaka macho yalipoanza kunihadaa kwenye tundu la sindano, na katika muda huo wote sikumkabidhi mteja nguo ambayo mimi mwenyewe ningeona haya kuivaa mbele ya watu. Sisemi haya kwa kujisifu. Nayasema ili ieleweke ni mtu wa namna gani aliyehamia nyumbani kwa mwanawe baada ya mkewe kutangulia mbele ya haki, akiwa na cherehani yake, pasi yake nzito na mazoea yake yote.

Mwanangu ni fundi umeme. Huondoka asubuhi na ngazi begani, na hurudi jioni na vipande vya waya mifukoni, ambavyo mkewe huvikuta kila anapofua. Mkwe wangu huyo ni muuguzi. Wamejaliwa watoto wawili. Wa kwanza ni msichana wa miaka tisa ambaye sote tunamwita Chiriku, kwa kuwa tangu alipojua kufungua mdomo hajaona sababu ya kuufunga. Mdogo wake ni mvulana wa miaka sita aitwaye Wakili, maana hakuna amri inayotolewa nyumbani ambayo yeye haiulizii sheria yake imeandikwa wapi.

Katika nyumba hii nilikuta desturi ambayo sikuwahi kuiona mahali pengine. Jumamosi alasiri, nguo zikishaanuliwa, mkwe wangu huleta sebuleni kapu kubwa, akalimwaga juu ya mkeka. Televisheni huzimwa, simu zote hupandishwa juu ya kabati, na jamaa nzima huketi kukunja. Ndipo mashtaka yanapoanza. Mwenye neno dhidi ya mwenzake hutafuta nguo ya huyo anayemshtaki, huitandaza mapajani, na husema lake huku akiikunja. Anayeshtakiwa haruhusiwi kujibu mpaka nguo iishe kukunjwa. Na ikikunjwa ovyo, kesi hufutwa.

Mkwe wangu alirithi jambo hilo kwa mama yake, aliyelea nyumba iliyojaa mabinti, kila mmoja na ulimi wake.

Mimi sikulifurahia. Katika malezi niliyopata, mtoto alisema alipoulizwa, na alipoulizwa alijibu kwa ufupi. Jumamosi ya kwanza nilimwona Wakili ameshika suruali ya baba yake, uso umemvimba, akipiga kelele: "Baba, ulisema utanitengenezea gari langu! Ulisema! Halafu ukalala!" Mwanangu, mtu mzima mwenye ndevu, alikaa kimya kama mwanafunzi, akingoja mguu wa pili wa suruali ukunjwe. Nilitaka kusimama niondoke. Lakini jicho la fundi halitulii, na niliona jambo. Suruali ya fundi umeme ni nzito, ina mifuko kila upande, na mtoto anayehangaika kuilaza sawasawa hawezi kuhangaika nayo na kupayuka kwa wakati mmoja. Alipofika kwenye mguu wa pili, sauti yake ilikuwa imeshuka. Alipomaliza, alisema taratibu, "Ni tairi moja tu limetoka, Baba." Gari lilitengenezwa jioni ile ile.

Basi nikaikubali desturi yao, kwa sharti moja: nguo zangu hazitaingia kapuni. Mtu aliyezikunja nguo za watu umri wake wote, nilisema, hakunjiwi za kwake. Zangu zilianikwa mwisho wa kamba, karibu na dirisha la jikoni, nikazianua mwenyewe na kuzikunja mwenyewe. Mkwe wangu alinitazama kidogo, akasema, "Sawa, Baba."

Mwaka huu Chiriku alihamia shule mpya yenye sare ya sketi ya buluu yenye marinda na shati jeupe. Mama yake alitaka kununua dukani. Nilimwambia kwamba maadamu mimi ni hai na cherehani yangu inazunguka, mjukuu wangu hatavaa sketi ambayo mishono yake inaachana ikiona maji. Nilinunua kitambaa kizuri, nikapima, nikakata. Niliyapiga pasi marinda moja baada ya jingine mpaka yakasimama kama kurasa za kitabu. Na kwa kuwa mtoto hukua, nilimwachia nafasi ya kukua.

"Baba, si ndefu kidogo?" mkwe wangu aliuliza siku alipoijaribisha.

"Miguu ya mtoto huyu haijamaliza safari," nilimjibu. "Itamfikia."

Chiriku alijigeuza mbele ya kioo. Alinishukuru kwa adabu, akanibusu mkono.

Muda si mrefu walimu wakamchagua, katika shule nzima, awe ndiye atakayewakaribisha wageni kwa hotuba fupi siku ya wazazi. Nakiri kwamba habari hiyo nilimpelekea kinyozi, kisha mwenye duka la dawa, kisha nikarudi kwa kinyozi kwa kuwa mara ya kwanza alikuwa na mteja na huenda hakusikia vizuri. Kila jioni mtoto alipanda juu ya kigoda jikoni, mwiko mkononi kama kipaza sauti, nami nikamwonyesha mahali pa kuvuta pumzi na mahali pa kuinua macho. Wakili alikuwa wageni waalikwa. Alipiga makofi pale alipoambiwa, na mara nyingine pale asipoambiwa.

Halafu Chiriku akanyamaza.

Si kwamba aliugua. Alikula, alifanya kazi zake za shule, alijibu alipoitwa. Lakini kigoda kilibaki mahali pake na mwiko ukarudi kwenye sufuria. Katikati ya wiki mwanangu aliingia kutoka kazini, simu mkononi, hata ngazi hajaitua.

"Mwalimu wake amepiga," alisema. "Eti Chiriku amekwenda kumwambia hataki tena kusoma hotuba. Atafutiwe mtu mwingine."

"Amesema kwa nini?" mkewe aliuliza.

"Hakusema. Mwalimu anataka jibu, maana mtoto mwingine lazima aanze kufundishwa."

Nilimwita mjukuu wangu barazani.

"Unaumwa?"

"Hapana, Babu."

"Umesahau maneno?"

"Hapana."

"Kuna aliyekupiga?"

"Hapana, Babu."

"Basi ni nini?"

"Basi tu."

Basi tu! Nimepima vifua na mabega ya watu wa kila umbo, lakini hilo ni jibu ambalo utepe wangu haukuweza kulizunguka. Nilimtazama akiondoka. Sketi ilikuwa safi, marinda yamesimama, na nikajiambia kwamba angalau kwa upande wa mavazi mtoto huyu hana upungufu wowote.

Usiku, wakati wa chakula, mwanangu alikuwa na hasira ya mzazi aliyeishiwa maarifa. "Nitampeleka mwenyewe," alisema watoto walipokwisha kuondoka mezani. "Atasimama na atasoma. Leo anaacha hotuba, kesho ataacha nini?"

"Mimi nimemwomba mwalimu atusubiri mpaka Jumatatu," mkewe alisema.

"Kwa nini Jumatatu? Kabla ya hapo kuna nini?"

"Kuna Jumamosi."

"Na Jumamosi kuna nini?"

"Kuna nguo, mume wangu. Mwache."

Jumamosi ikafika. Jua lilikuwa kali na nguo zilikauka mapema, zikanukia sabuni nyumba nzima. Niliketi kwenye kiti changu pembeni ya mkeka, mahali pangu pa kila Jumamosi, nikiwa mtazamaji asiye na kesi wala mshtaki. Kapu likamwagwa.

Wakili alikuwa wa kwanza, kama kawaida yake. Alinyakua fulana ya dada yake.

"Chiriku amechukua ufutio wangu akaurudisha mdogo."

"Ufutio ukitumika unapungua," Chiriku alisema.

"Hujaruhusiwa! Sijafika kwenye mkono! Mama, amejibu kabla!"

"Amekosea," mama yake alihukumu. "Endelea. Na hiyo fulana umeigeuza ndani nje."

Wakili aliitazama fulana kwa uchungu wa mtu aliyesalitiwa na ushahidi wake mwenyewe. Kesi ikafutwa. Kisha mkwe wangu akashika suruali ya mumewe, akatoa mfukoni kipande cha waya kilichokwishafuliwa, akakiweka juu ya mkeka bila kusema neno, akaanza kukunja. Mwanangu aliinamisha kichwa. Tulicheka sote isipokuwa Chiriku, aliyekuwa akikunja taulo ile ile kwa mara ya tatu.

Nilimwona mama yake akimtazama kwa pembe ya jicho. Hakumhimiza. Lundo lilipungua mpaka zikabaki soksi na foronya za mito, na mwanangu akanyoosha mkono kutaka kuzishusha simu kabatini.

Ndipo Chiriku aliposimama. Alituruka miguu, akatoka kuelekea jikoni. Tulisikia mlango wa nyuma ukifunguliwa. Aliporudi alikuwa amekumbatia shati langu jeupe, lile ambalo bado nilikuwa sijalianua, na vibanio viwili vimening'inia bado mabegani mwa shati.

Alipiga magoti, akalitandaza mapajani.

Wakili aliruka. "Hilo ni la Babu! Za Babu hazimo kapuni! Haihesabiki!"

Alisema kweli. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria, na mimi ndiye niliyeiweka. Wote wakanigeukia, hata mwanangu, ambaye machoni mwake nilimwona mtoto aliyekuwa akinisubiri zamani mlangoni mwa karakana ajue leo nimeamkaje. Ningeweza kusema neno moja tu, na shati lingerudi kambani, na heshima yangu ingebaki imenyooka kama ilivyokuwa asubuhi.

Nilimtazama mtoto. Mikono yake haikuliachia lile shati.

"Mwacheni," nilisema. "Nimeshtakiwa. Nangoja."

Akatoa vibanio. Akalaza kola.

"Babu," alianza. Akakunja upande mmoja. "Babu, sketi ni nzuri. Mwalimu wa sayansi alisema imeshonwa vizuri kuliko zote." Akalivuta shati, likapinda. "Lakini ni ndefu. Inafika hapa." Alijigusa karibu na vifundo vya miguu. "Wananiita Pazia. Nikiingia darasani wanasema, 'Pazia limefika, fungueni dirisha.' Na pale jukwaani kuna pazia la kweli. Nikisimama watasema yako mawili."

Wakili alifungua mdomo kucheka. Dada yake alimtazama, naye akaufunga mwenyewe.

"Nilitaka kukwambia. Lakini ulipokuwa unashona ulikuwa unaimba. Huwa huimbi. Nikaona nikikwambia hutaimba tena." Alikunja mkono wa shati, ukatoka umekaa upande. Kidole changu kilinyanyuka chenyewe kwenda kuunyoosha, nikakirudisha. "Basi nikaona bora nisisome."

Alimaliza. Alilipigapiga shati kwa viganja, akalisukuma kuelekea miguuni pangu. Sasa nilikuwa na ruhusa ya kujibu.

"Wanakuita hivyo tangu lini?"

"Tangu tulipofungua shule."

"Na Jumamosi zote hizi umekaa hapa. Kwa nini hukusema?"

Alinishangaa, kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo kila mmoja anajua.

"Nguo zako hazimo kapuni, Babu."

Nimepata kukosolewa na mabwana wakubwa waliovaa suti zangu, wenye sauti na vyeo, na nilijua namna ya kujibu. Huyu alikuwa amepiga magoti mkekani. Nilijikuta tu ninashukuru. Nilishukuru kwamba mtoto huyu alikuwa na miguu ya kwenda mpaka kwenye kamba. Nilishukuru kwa mwanamke aliyemlea hivyo katika nyumba ambamo mimi nilijiwekea mpaka. Mwenzake wa umri huo, katika nyumba nyingi nilizozijua, angekaa na neno hilo mpaka likawa kovu.

"Kesi imekubaliwa," nilisema. "Lete sketi."

Nilimkuta mkwe wangu jikoni akibandika maji ya chai. "Ulikuwa unajua?" nilimuuliza.

"Nilihisi, Baba. Lakini kesi ilikuwa yake. Ningeisema mimi, angejifunza kwamba kuna watu wa kuogopwa katika nyumba hii." Akanipa kikombe. "Tena kama asingesema leo, ningesema mimi kesho. Sikuwa tayari kumwacha aikose siku yake."

Tulikaa karibu na dirisha, mimi na Chiriku, mwanga ukiwa bado mzuri. Alipanda juu ya kigoda chake, nikaweka alama ya chaki chini kidogo ya magoti, pale alipoonyesha yeye, si pale nilipotaka mimi. Kisha nikachukua mkasi.

"Usikate!" alisema. "Nitakua, Babu."

"Basi ya ziada tutaipinda ndani, ikungoje."

Kuipandisha sketi ya marinda bila kuikata ni kazi ya kuchosha. Pindo hufumuliwa lote, kila rinda hufunguliwa ukingoni, hupindwa upya, hupigwa bandi, ule mshono wa muda, kisha hurudishwa kwenye mstari wake kwa pasi. Nilimpa sindano afumue, nikampa na subana yangu ya kukinga kidole, ikawa inacheza kidoleni mwake kama kikombe juu ya kijiti. Alifumua polepole. Kufikia nusu ya pindo alikuwa ameanza kuniambia habari za mwalimu wa sayansi, na za msichana mwenye meno yaliyoachana, na za mbwa wa mlinzi. Kufikia robo ya mwisho sikupata nafasi hata ya kusema "naam". Chiriku alikuwa amerudi.

"Babu," alisema ghafla, "imba basi."

Niliimba. Wakili alikuja kulalamika kwamba ninamsumbua, akaelezwa asubiri Jumamosi.

Jumatatu mwalimu alipata jibu lake. Siku ya wazazi tulikaa safu ya pili, mwanangu amevaa shati ambalo halikuwa na waya popote, mimi suti yangu ya kijivu. Chiriku alipanda jukwaani. Sketi ilimkaa sawasawa, na marinda yalifunguka na kujifunga alipotembea, kama kitu chenye adabu na uhai kwa pamoja. Kutoka nyuma mtoto mmoja alisikika akinong'ona, "Pazia." Chiriku alisikia, kwa maana aligeuka. Akainua macho pale nilipomfundisha, akavuta pumzi pale nilipomfundisha, akasema kwa sauti iliyofika mpaka ukuta wa nyuma: "Wageni wetu, pazia limefunguliwa. Karibuni."

Ukumbi ulicheka, na aliyenong'ona akacheka nao. Maneno hayo hayakuwa katika hotuba tuliyoijua. Zaidi ya hapo sikumbuki vizuri alichosema, maana nilikuwa nimesimama.

Jumamosi iliyofuata nilianua nguo zangu mapema, nikazibeba mpaka sebuleni, nikazitupa kapuni pamoja na nyingine. Mwanangu aliacha kutafuna mkate.

"Baba, una hakika?"

"Kaa ukunje," nilimwambia.

Sikutarajia kilichofuata. Mikono ilishuka juu ya nguo zangu kama ya watu walioona bidhaa adimu sokoni. Wakili alishika soksi zangu. "Soksi ni mbili, kwa hiyo nina kesi mbili. Ya kwanza: ukinifundisha hesabu unaniambia 'fikiri', halafu nikianza kufikiri unasema jibu." Akaikunja. "Ya pili sijaipata. Naweka akiba."

Mwanangu alichukua suruali yangu, na nilimwona anafurahia uzito wake. "Baba, mimi ni fundi umeme tangu zamani. Lakini ukinipigia simu kazini kuniuliza kama nimezima swichi kuu, na simu iko kwenye spika, na mwenye nyumba anasikia, huyo mwenye nyumba huanza kuniuliza vyeti."

Mkwe wangu aliivuta fulana yangu, akainyoosha kwa upole. "Baba, nakushukuru kwa kunipigia pasi sare yangu ya kazi. Ila wanga upunguze. Nikiketi, sare inabaki imesimama. Wagonjwa wananisikia nikija kabla hawajaniona."

Kila mmoja nilimsikiliza mpaka mkunjo wa mwisho, kama sheria inavyotaka. Mwisho likabaki shati jeupe. Chiriku akalivuta mapajani mwake.

"Wewe tena?" nilisema.

"Hujaruhusiwa kujibu!" Wakili akapaza sauti.

"Babu," alisema Chiriku akilaza kola, "siku ya wazazi ulisimama ukapiga makofi kabla sijamaliza. Watu wote wakakuiga. Sentensi yangu ya mwisho haikusikika."

Akakunja mkono mmoja, akakunja wa pili, akalipigapiga.

"Una utetezi?" Wakili aliniuliza.

Sikuwa nao. Nilimwomba mshtaki aniambie hiyo sentensi sasa, mbele ya watu wote, niisikie. Chiriku alikaa wima juu ya mkeka, shati langu mapajani, akainua macho, akavuta pumzi.

"Asanteni kwa kutusikiliza."

Safari hii nilingoja mpaka nikawa na hakika kwamba amemaliza. Kisha nikalichukua shati. Mkono wa kushoto ulikuwa umekaa upande na kola imelala vibaya, kazi ambayo katika karakana yangu mwanafunzi angeirudia. Nikaenda nalo chumbani, nikaliweka kabatini kama lilivyokunjwa.